Tanuri Langu, Unga Wake

Jumatatu, 3 Machi
Vimekatika tena! Vyote. Mteja anataka viungo vya miguu bandia, vyepesi, vigumu, visivyolika upesi — sisi tunampa biskuti.

Wifi ndiye aliyewahi kufungua mdomo mbele ya Mkuu wa karakana: eti tanuri langu linavuja. Langu! Yeye ndiye anayechanganya unga wa titani na chembe za kauri. Mimi naugandamiza na kuuoka pasipo hewa. Titani ikionja hewa motoni, basi, imekwisha: haipindi tena, inakatika. Na nani anayeacha mikebe wazi akipiga soga? Nimemwambia hivyo hivyo, watu wakisikia.

Jumanne, 4 Machi
Nyumbani hakukaliki. Mama mkwe hajagusa nilichopika. Anasema namtafutia binti yake shari. Mume wangu — dada huku, mke huku — kajifanya anatengeneza pasi. Pasi nzima!

Alhamisi, 6 Machi
Mkuu kaniuliza kama nina uhakika kosa ni la unga. Nikasema: kama ninavyolijua jina langu. Wifi kaambiwa kesho arudishe funguo, kazi hana tena.

Mlangoni kanisimamisha. "Likague hilo tanuri lako, wifi. Sikuombi kingine."

Mnafiki! Nitamziba mdomo. Nimeoka kipande cha titani tupu, kutoka mkebe mpya ambao mkono wake haujaugusa. Mkuu anajua. Kikipinda, tanuri ni zima. Kwisha maneno.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekibana kwenye jiliwa, nikavuta. Ka! Kimekatika kama chaki.

Nikapapasa mpira wa mlango wa tanuri. Nyuma, pasipoonekana, una ufa — ukucha unaingia. Na geji ya kupima hewa inasema kila kitu sawa. Geji niliyokuwa naiapia!

Nimejifungia stoo. Naandika. Wifi yuko upande wa pili wa ukuta, anatoa vitu vyake kabatini. Nasikia vikombe. Kamwambia fundi umeme kwamba mimi hata salamu yake sitaipata tena. Mdomo ule ule! Simpendi. Hata sasa, hivi nilivyo na vipande viwili kiganjani, simpendi.

Mkuu anagonga. Anauliza: kimepinda au kimekatika?

Nimejibu nakuja.

Vikombe vimenyamaza. Wifi naye anasikiliza. Mkuu anagonga tena —