Barua za Kata Nzima Katika Anwani Moja

Mpendwa mshauri wa redioni, shikamoo. Naomba msaada wako, na kwa kuwa huwa naandika kumbukumbu zangu kila siku kwa tarehe, nitakueleza kwa mpangilio, ingawa siku hizi hata tarehe zinanipita kama ukungu migombani.

Ninaendesha steshenari ndogo huku Mabira, Kyerwa. Mteja akija kuomba chuo au kazi mtandaoni akiwa hana barua pepe, naweka yangu, kwa sababu kumfungulia yake kunachukua muda na kesho atakuwa amesahau nywila, na sasa kisanduku changu kina barua za watu thelathini na mmoja, na nikikifungua asubuhi kabla ya wateja naona kama kata nzima imelala humo inaota, huyu anaota Dodoma, yule anaota duka la dawa, nami napita kati yao taratibu nisiwaamshe.

Tarehe 4 Mei iliingia humo barua ya kumjibu mdogo wangu. Amepata chuo cha uuguzi Mwanza, anatakiwa athibitishe kabla ya tarehe 22. Niliisoma, nikaifunga, nikatoka nje kutazama mvua ikija kutoka mlimani. Mama yetu miguu imemshinda, tunamwinua wawili, mmoja huku, mmoja kule. Kila jioni mdogo wangu ananiuliza, "Dada, hawajajibu tu?" Namwambia bado. Mama naye anacheka: "Kama Kiswahili kimewashinda, waandike Kinyambo chetu, nitawajibu mwenyewe!" Leo ni tarehe 13.

Nishauri: nibaki na anwani moja yenye mafaili, niongeze kwenye anwani hiyo alama ya kujumlisha (+) na jina la mteja ili barua zijipange, au nifungue anwani kadhaa?

Dada wa steshenari

MAJIBU

Binti yangu, umeniuliza habari za mafaili ili nisikuulize habari za mdogo wako. Haya, nianze na mafaili.

Mafaili na alama ya kujumlisha hupanga barua tu. Mlango unabaki mmoja na ufunguo unao wewe. Fungua anwani tatu: yenye jina lako kamili kwa benki na serikali, ya steshenari kwa kazi, na ya tatu kwa matangazo na mitandao. Mteja afunguliwe yake, kwa namba yake ya simu, nywila aiandike kwa mkono wake. Ile ya zamani usiifute mpaka umewahamisha wote, mmoja mmoja, maana misimbo yao ya kuthibitisha bado inaingia humo.

Sasa mdogo wako. Kuogopa kubaki peke yako na mama si dhambi, na pole sana. Lakini kukalia barua ya mtu ni wizi, hata kama aliyeibiwa mmelala naye kitanda kimoja tangu utotoni. Mwonyeshe, athibitishe, umwombe radhi. Kisha mketi watatu, mama akiwemo, mtafute ndugu wa kushika upande wa pili.

Leo ni tarehe 17. Jina lako nimelificha, lakini redio hii inasikika hadi jikoni kwenu. Kama mdogo wako amegeuka kukutazama sasa hivi, usiizime. Mpe simu yako asome.