Nyuma ya Fomu Yako

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu za mdogo wako mtukutu. Hujambo? Tumbo linaendeleaje tangu umalize matibabu ya saratani ya utumbo? Na shemeji, bado anakoroma kama mashine ya kusaga? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Unakumbuka nilivyokuandikisha kwenye mpango wetu wa mazoezi hapa kliniki, kwa watu waliomaliza matibabu kama wewe? Kutembea nusu saa bila kusimama kila siku, kisha unatia alama: ndiyo au hapana. Fomu nilizitunga mimi, na nilivyojivuna nazo, wee! Zako zilirudi hapana, hapana, hapana, wiki sita mfululizo. Mkuu wangu aliniuliza huyu vipi, nikamjibu hana nia. Hata mama nilimwambia umebweteka, ndiyo maana akakupigia simu kukugombeza.

Jumanne tuliwaita wenzako watueleze kasoro za mpango. Fundi cherehani mmoja, mama mcheshi kupindukia, alisimama akasema sisi tuliopanga mazoezi haya lazima tuna matumbo ya chuma. Yeye tangu akatwe kipande cha utumbo hakiachi choo kimoja kabla hajajua cha pili kiko wapi. Watu walicheka, halafu mikono ikaanza kuinuka, mmoja baada ya mwingine. Mkuu alimshukuru kwa kutufumbua macho. Mimi nilikuwa natazama sakafu.

Dada, maneno yale nilikuwa nimeshayasoma. Nyuma ya fomu yako ya kwanza uliandika kwa penseli kwamba unatembea mpaka kituo cha mafuta, kwa kuwa pana choo, unapumzika, unarudi. Mara nne kwa siku. Ukauliza kama hiyo nayo inahesabika. Nilisoma yote. Lakini fomu zilikuwa zimeshachapwa, ripoti inangojwa, nami sikutaka kuonekana nimekosea. Nikaibana pamoja na nyingine, kimya. Wiki tano zilizofuata hukuandika kitu tena nyuma. Naona haya hata kukuandikia.

Mkuu nimemweleza ukweli. Mama nitampigia leo, na atakachonitolea nitakimeza.

Njia ile naijua: dakika tano kwenda, tano kurudi. Mara nne ni dakika arobaini. Inahesabika, dada. Ilihesabika tangu siku ya kwanza.

Msalimie shemeji. Ukitaka kuninunia, ninunie, nastahili.

Mdogo wako,
Kidomodomo, niliyenyamaza pasipotakiwa