Mwili Wangu Umekwenda Wapi

Jumatatu, 12 Mei 1975

Kamba imenipiga tena kifundo cha mguu. Kwa baridi ya asubuhi inauma mara mbili. Niliruka kamba nyuma ya jikoni kama kawaida, kabla ya king'ora cha kiwanda, watoto wakiwa bado wamelala. Baba Ngoie alichungulia dirishani, akacheka, akarudi kujifunika. Ndiye mume niliyepewa. Simbadilishi.

Mchana somo kwenye fwaye, ile nyumba ya mtaa wetu ambako akina mama wanajifunza kushona na kupika. Mimi ni mwalimu wa kushona. Mvua zilipoanza, mkuu wetu, Sitwayeni Kalenga, yaani Raia Kalenga, kama serikali inavyotaka tuitane, aliniongezea somo jipya: urembo na mazoezi kwa mama mwenye kazi nyingi. Nadhani alinichagua kwa kuwa nilikuwa mnene kuliko wote. Pumzi ilikuwa inaniishia kwenye ngazi za kanisa. Nikaona aibu kufundisha nisichofanya, nikaanza. Sasa napanda zile ngazi nikiwa nimembeba Kasongo, kitindamimba wangu, na bado naimba.

Leo nimewaambia: mama hana saa, ana muda ule maji ya bukari, ugali wetu, yanapochemka. Simama hapo hapo kwenye moto, inuka kwa vidole vya miguu, shuka, inuka tena. Ukishamkamulia samaki ndimu, usitupe ganda, sugulia viwiko. Walicheka, kisha wakainuka kwa vidole, wote, na watoto mgongoni. Nilitaka kulia kwa furaha, bila sababu.

Alhamisi, 22 Mei

Nimegombana na Mama Mujinga, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alikuja darasani na sabuni ya kuchubua ngozi, ameifunga kwenye leso kama pete ya dhahabu. Anataka niwaambie wenzake ni nzuri. Shavuni ana doa jekundu linalovuja maji. Nikamwambia mbele ya watu aitupe chooni, apake mawese, na Mungu hakukosea alipomuumba. Nilisema kwa sauti kubwa mno. Mdomo wangu hauna breki.

Amenijibu kwamba mwenye mifupa shingoni asimfundishe mtu urembo. Kurudi nyumbani nikajiangalia kwenye kioo cha Baba Ngoie cha kunyolea. Kweli, mifupa ya shingo inaonekana. Niliipenda. Sikuwa nimeiona tangu nilipoolewa.

Jumanne, 3 Juni

Siku ya kuchukua posho ya kiwanda. Mstari mrefu, kila mama na beseni lake. Nilipofika dirishani na kupokea unga, maharage na samaki mkavu, mazungumzo yalikatika. Walilitazama beseni, wakanitazama mimi, wakalitazama beseni tena.

Najua wanachofikiri. Hapa kwetu mwili wa mke ni jina la mume. Mke akinenepa, watu wanamsalimu mume kwa heshima. Akikonda, posho inaliwa na mwanamke wa nje, au mume anaiuza anywe. Hakuna sababu ya tatu. Mimi mwenyewe nimewahi kuwasema wengine hivyo.

Ijumaa, 13 Juni

Baba Ngoie amerudi kazini bila kuimba. Yeye anaunga vyuma kwenye karakana ya kiwanda, na siku zote ninamsikia kutoka kona ya barabara. Leo nilisikia viatu tu. Nilimbana mpaka akasema. Wenzake wamempa jina jipya: Bwana Mifupa. Mmoja amemletea kipande cha mkate, ati ampelekee mkewe.

Nikamwambia nitaacha kuruka. Alikasirika kuliko nilivyotegemea. Akasema mwaka jana alikuwa ananisikia nikihema usingizini, akilala macho kunisikiliza, na haogopi jina. Kisha akala chakula chake na nusu ya changu ili kisibaki. Tumbo lake linazidi kukua, masikini. Watu wanaona tumbo lile wanapata ushahidi.

Nampenda vibaya sana.

Jumapili, 29 Juni

Mama Mujinga amefika mlangoni, macho chini. Shavu linapona, analipaka mawese. Alikuwa Mulungwishi, kwetu nilikozaliwa, juzi kuuza vitenge, akakutana na mama yangu sokoni. Akaulizwa habari zangu. Akasema ukweli kama anavyouona: kwamba nimekwisha, kwamba ni mimi na kivuli changu.

Sikumfokea. Nilikaa tu kwenye kizingiti. Mama atakuja, na hatakuja peke yake. Kwetu mtoto wa kike akikondea kwa mume, mjomba wake huja kumuuliza mume, na jibu lisipotosha wanamchukua binti wakamlishe nyumbani mpaka mwili urudi. Dada yangu mkubwa walimchukua hivyo. Aliporudi alimkuta mwanamke mwingine jikoni kwake.

Jumamosi, 5 Julai

Wamekuja. Mama, na Noko, mjomba wangu, kaka yake wa tumbo moja. Gunia la mahindi, kuku wawili, kibuyu cha mawese. Mama hakunisalimu. Alinishika mkono juu ya kiwiko, vidole vyake vikakutana upande wa pili. Akaachia. Akaenda jikoni kufunua sufuria zangu moja moja.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya ibada tulikaa sebuleni. Noko alivaa koti. Watoto walipelekwa kwa Mama Mujinga. Mimi nilikaa chini kwenye mkeka kama inavyotakiwa, sina ruhusa ya kusema.

Noko alianza taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma Biblia.

"Mukwe, tulikupatia muntu muzima, na mwili yake yote. Leo tunaona nusu. Ile nusu ingine iko wapi?"

Baba Ngoie alikuwa na jibu. Lilikuwa jepesi: binti yenu anaruka kamba, anakataa bukari ya jioni, muulizeni. Lakini mke anayekataa chakula cha mumewe amemtukana mumewe, na Noko asingeniacha siku moja zaidi kwenye lile somo. Baba Ngoie analijua hilo. Alitazama mikono yake yenye makovu ya moto.

"Noko, miye njo nilikosa. Sikuangalia muzuri. Nitamulisha."

Uongo mtupu. Mtu ambaye hata samaki ananiachia kichwa kwa kuwa najua kukinyonya. Damu ilinipanda. Noko akasema jibu hilo ni la kiungwana lakini halishibishi mtu, na Jumanne wanaondoka na mimi na Kasongo. Mama alikuwa ananitazama shingo.

Sijui nimkasirikie nani. Namkasirikia mume wangu kwa kuwa mwema kwa upumbavu.

Jumatatu, 7 Julai

Nimesema. Wacha waniite sina adabu.

Asubuhi Mama alikuwa anatayarisha mahindi aliyoleta, kinu kikiwa katikati ya uwanja. Nikachukua mchi wa pili nikasimama mbele yake. Nikamwambia mbele ya Noko: tutwange, wewe na mimi, mchi kwa mchi. Nikichoka kabla yako, nafunga nguo zangu leo. Mama ni mtwangaji anayejulikana mpaka ng'ambo ya mto Lufira. Alinitazama kama nimerukwa na akili, akatema mate viganjani.

Tukaanza. Mwanzo alinikimbiza, mchi wake ukishuka kabla wangu haujatoka. Nikakumbuka ninachowaambia akina mama: mgongo wima, magoti laini, nguvu itoke kwenye mapaja, pumua mchi unapopanda. Majirani walijaa kwenye ua. Mama Mujinga akaanza kupiga makofi kufuata mdundo. Nikaimba. Mama hakuimba. Jasho lilimtoka, kitambaa kikamteleza kichwani, naye akaendelea, mkaidi kama mimi. Mwishowe alikosa shabaha, mchi ukagonga ukingo wa kinu. Akakaa kwenye kigoda, anahema. Mimi nilitwanga mpaka unga ukawa laini, nikauchekecha, nikarudisha chenga, nikatwanga tena.

Noko alivua koti. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Huyu haiko mugonjwa. Hii ni punda."

Hapo nikawaambia yote. Ngazi za kanisa, kuhema usingizini, kamba nyuma ya jikoni, Sitwayeni Kalenga, magoti yangu yaliyokuwa yanalia. Kwamba mume wangu amejitia hatia ambayo si yake. Noko alimgeukia Baba Ngoie, aliyekuwa ametoroka kazini kwa muda kuja kuona, akamwambia mwongo wa namna hiyo wangempa hata binti wa pili kama angebaki asiyeolewa. Nabaki. Wamesema nabaki.

Lakini Mama aliinuka akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumanne, 8 Julai

Nilimkuta kitandani kwangu, ameupa ukuta uso. Nikadhani ni hasira ya kushindwa. Nikaanza kumtania. Akaniambia nikae.

Sikuwahi kusikia habari hii. Nilipokuwa mchanga, tukiishi Kakontwe, baba aliugua homa ndefu na chakula kikaisha nyumbani. Mama alichimba mizizi. Alikonda. Maziwa yakakauka.

"Mifupa yangu nilikuwa naiona, na yako naiona. Hakuna muntu alikuya kuuliza. Hakuna hata mumoja. Sasa nikiona hii shingo yako, nasikia ile njala. Najua uko na nguvu. Macho haisikie."

Nilimshika miguu. Nimewafundisha wanawake wengi namna ya kulainisha visigino, kwa jiwe, maji ya vuguvugu na mawese. Vya kwake vimepasuka kama udongo wa kiangazi, na sikuwahi kuvigusa. Nikaleta beseni. Alilala nikiwa bado nasugua.

Alhamisi, 10 Julai

Mama alikuja darasani. Alikaa nyuma, mikono kifuani, akikosoa. Nilipowaonyesha jinsi ya kuinama bila kuumiza mgongo, aliinuka akanisukuma kando, akaonyesha anavyoinama yeye kupanda mihogo. Kwake ni bora. Nimebadilisha somo.

Mama Mujinga amemwomba ampake mawese shavuni. Mama alimpaka, akamwambia ana sura nzuri. Mama Mujinga aliona haya kama msichana.

Jumamosi, 12 Julai

Lori la kwenda Mulungwishi lilikuwa la jioni. Noko aliwahi kwenda kushika nafasi. Baba Ngoie alikuwa zamu, watoto kwa jirani. Tulibaki wawili jikoni.

Mama alipika. Hakuniruhusu kushika mwiko. Bukari nyeupe ya ule unga tulioutwanga, sombe, majani ya mihogo, yenye karanga, kuku mmoja. Akaniwekea sahani iliyojaa, mlima mzima. Yeye akajiwekea kidogo na hakugusa.

Sikuwa na njaa. Sikusema kitu juu ya mazoezi, wala kwamba bukari ya jioni siili.

Nilikula polepole. Nje kulikuwa na upepo wa baridi na vumbi. Aliniangalia mpaka tonge la mwisho, kisha naye akanawa mikono, akaanza kula.