Alama Niliyoiita Mwezi

Nsemulwa, hapa Mpanda, Jumapili. Jua kali, na upepo wa kiangazi unaleta vumbi mpaka kwenye sufuria. Nimejifungia chumbani na simu, watu wanadhani nimelala.

Baba yangu amekufa. Alikufa miaka kumi na tisa iliyopita, na mimi nimejua jana saa tisa alasiri.

Ngoja niandike taratibu, maana nikiharakisha nitalia tena na sitamaliza.

Nyie mnaonisoma siku zote mnaikumbuka makala ya wiki mbili zilizopita, ile ya pango la porini upande wa Inyonga. Mwalimu wa historia nimepata cha kuringia! Ukutani mle kuna alama zaidi ya ishirini, zimechongwa kwa chuma kwenye jiwe. Nilizipiga picha, nikazichora kwenye daftari, nikazifasiri moja moja utadhani nilikuwepo zikichongwa. Hii ni mvua, hii ni njia ya tembo. Iliyonipendeza kuliko zote ilikuwa nusu duara yenye vimstari viwili chini yake, na mstari mmoja mrefu umeikatiza katikati. Nikaandika bila hata aibu kwamba huu ni mwezi, ile ni mito miwili, na mstari ni ardhi, kwa hiyo watu wa kale walikuwa wakihesabu majira. Redio moja ya hapa mjini ikanihoji. Wanafunzi wangu wakaanza kuniita Madam Pango.

Kichwa kilinivimba, nakiri.

Aliyenipeleka pangoni ni baba mdogo Maganga, mdogo wake baba, mrina asali wa Inyonga tangu ujana wake. Ni mtu wa utani, mdomo haufungi, lakini siku ile alikuwa kimya njia nzima. Nikadhani ni pikipiki inamtesa kiuno. Tulipoingia mle ndani alivua kofia. Nikamuuliza alama zinasema nini. Akajibu, "Za zamani hizo mwanangu, nani anajua." Halafu akamulika tochi kwenye ile nusu duara na kusema, "Hii usiiache. Piga na hii." Nikapiga. Yeye akatoka, akaenda kunisubiri kwenye pikipiki.

Sasa habari za baba. Nilikuwa na miaka sita alipoingia porini msimu wa asali na wenzake wanne, baba mdogo akiwa mmoja wao. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Baba mdogo ndiye aliyetuletea maneno: kaka amepitiliza mpaka Ikola, amepata mwanamke mwanika dagaa huko ziwani, na amesema asitafutwe. Basi, hivyo tu. Mama hakumfuata. Alichukua mizinga miwili iliyobaki nyumbani, akaipasua kwa shoka, akaipikia ugali wiki nzima. Kisha tukahamia Mpanda. Mpaka leo dagaa wa Ikola hawaingii jikoni kwetu. Mgeni akituletea zawadi ya dagaa, wanafika kwa jirani kabla yeye hajamaliza kuaga.

Mimi nilimchukia kwa njia yangu. Chuoni nikiulizwa baba yako yuko wapi, nilijibu alishafariki, kwa sababu kufiwa kuna heshima kuliko kuachwa. Nilisema bila kupepesa macho. Mungu anisamehe, kumbe nilikuwa nasema kweli.

Jana, basi, mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, tumekaa uani. Mama hajui kusoma, na blogu hii anaiita mambo yenu ya simu. Lakini kuna mtu kanisani alimwambia mwanao kasikika redioni, kwa hiyo akataka na yeye azione hizo alama. Nikampa simu. Nikaanza kumweleza kwa sauti yangu ya darasani, mwezi, mito, watu wa kale.

Akanikatisha. "Huu si mwezi. Hili ni sikio la mbuzi."

Nikacheka. Nikamwambia mama jamani, haya mambo yana wasomi wake. Naandika maneno haya uso unaniwaka.

Aliweka ungo pembeni, akainama, akachora kwa kidole kwenye vumbi: nusu duara, vimstari viwili chini. Alichora haraka, bila kuangalia simu. Akasema hiyo ni alama ya baba yako. Kila mrina asali ana ya kwake, anaichonga kwenye mzinga na kwenye mti anapoutundika, ili mwingine asiguse. Mama ameiona alama hiyo kila siku ya ndoa yake, na ile mizinga aliyoipasua ilikuwa nayo. Ndiyo maana mimi sikuitambua. Iliungua chini ya sufuria nikiwa mtoto.

Halafu akauliza polepole, "Na huu mstari unaokatiza, kauchonga nani?"

Nikasema nimeukuta hivyo hivyo, mama. Akaweka mikono kichwani.

Ilibidi anifundishe kama mtoto wa darasa la kwanza. Mrina asali akifa, wenzake wanaikata alama yake kwa mstari, ili nyuki waachiwe mizinga yake na mtu asiupande tena mti wake. Mstari haukatwi kwa mtu aliyehama. Haukatwi kwa mtu aliyeoa ziwani.

Tukampigia baba mdogo, simu ikiwa kwenye sauti kubwa. Mama hakumsalimia, na mama ni mtu ambaye hata mwizi angemsalimia kwanza. Alisema tu, "Maganga, nimeiona alama ya kaka yako."

Nikasikia mwanaume mtu mzima analia.

Akasema yote. Baba alianguka kutoka juu ya mti akirina, mgongo ukavunjika. Wakambeba mpaka pangoni, walikokuwa wakilala na ambako kila mrina alichonga alama yake ukutani. Alikaa siku mbili. Wakamzika hapo nje, mlangoni pa pango, wakarundika mawe. Walikuwa wameingia ndani ya hifadhi bila kibali, na waliogopa kwamba wakitangaza msiba wataulizwa kaburi liko wapi na walifuata nini huko, wote wafungwe. Wakakubaliana neno moja, Ikola. Ni mbali, nani angeenda kuhakikisha? Lakini kuiacha alama ya mwenzao bila kuikata hawakuweza. Hilo waliliogopa kuliko askari.

"Shemeji," akasema, "nilidhani utakasirika mwaka mmoja, halafu uolewe na mtu mwingine."

"Ningeolewaje, Maganga? Nilikuwa na mume."

Mama akanirudishia simu, akasema mwambie aje kesho na basi, aje anionyeshe pa kulilia.

Tangu hapo naifikiria ile kofia aliyoivua. Baba mdogo alinipeleka kule ili nisome. Kinywa kilimshinda, akanimulikia tochi. Na mimi mwenye shahada yangu nikasoma mwezi! Nakumbuka tulipotoka pangoni nilikuwa nimechoka, nikakaa kwenye rundo la mawe mlangoni, nikala karanga. Nikajipiga na selfi nikiwa hapo hapo. Ile picha ipo kwenye makala, nimecheka mpaka meno ya nyuma, na wengi wenu mmeisifia.

Baba, nisamehe. Nilikukalia.

Nimejiuliza kama namchukia baba mdogo, na jibu linabadilika kila baada ya dakika tano. Nikimkumbuka akilia, namhurumia. Nikimwangalia mama, natamani basi lake liharibikie njiani. Nimejaribu pia kuhamisha hasira zangu za miaka yote hii kutoka kwa baba kuzipeleka kwake, hazihami. Hasira za baba zimebaki mikononi mwangu na sina pa kuziweka.

Leo nimezikuza zile picha zote kwenye simu. Alama tisa zimekatwa. Sijui ni za akina nani, na safari hii sitafasiri kitu. Ile makala nimefuta maneno yangu yote, nimeacha picha tu. Kama kuna nyumba ambayo wanamsubiri mtu, au wanamtukana mtu, waangalie wenyewe.

Asubuhi mama hakwenda kanisani. Alijifunga kanga kichwani, akatoa mkeka, akaukunja tena na kuuweka kando, akakaa chini kwenye sakafu tupu. Mama Joha wa nyumba ya pili alipopita baada ya ibada akamkuta hivyo. Akashtuka, akauliza nani amefariki. Mama akasema, "Mume wangu." Mama Joha akanigeukia. Mtaa mzima wanajua sisi ni watu wa kuachwa. Akauliza, "Lini?"

Nikafungua mdomo nianze kueleza, pango, Inyonga, miaka kumi na tisa. Mama akanitangulia.

"Jana," alisema.

Mama Joha akavua viatu, akaingia, akakaa naye chini.