Somo la Pili

Mama, shikamoo.

Huku Newala mtandao haushiki, ndiyo maana naandika. Mikorosho imetoa maua. Watoto wana adabu mno, hadi wananitia woga.

Jana niliingia darasani kufundisha hesabu za sehemu, nusu na robo. Kabla sijafungua mdomo, darasa zima lilitamka sentensi niliyotaka kuanza nayo, pamoja na mfano wangu wa chungwa. Mwalimu Lois, mwenzangu pekee hapa, akaniambia, "Usishangae. Kila mwalimu mpya huanzia hapo, halafu anahama. Somo la pili hawajawahi kulisikia."

Leo asubuhi nimewakuta mlangoni kwangu wamepanga mstari, wanaimba wimbo wa kumuaga mwalimu. Mmoja ameshika kuku, zawadi ya safari.

Mama, wazo la kuhama nilikuwa nalo moyoni tu. Sijamwambia mtu, hata wewe.

Niombee.

Mwanao,
Severina