Fainali Siku ya Kipaimara

Jumatano, 19 Novemba
Nimepiga pasi shati jeupe la Elibariki, la kipaimara Jumapili. Miaka miwili ya mafundisho, mtoto hajakosa hata kipindi kimoja. Mama yangu anakuja Ijumaa na mbuzi kutoka Nduruma. Asante Yesu.
Mashindano ya tenisi nayo yameanza, ya wavulana wawili wawili. Mwenza wa Eli ni Brayan wa Njiro. Wameshinda. Hesabu za mchezo huu zinanishinda. Kumi na tano, thelathini, halafu arobaini. Tano imeenda wapi?

Ijumaa, 21 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Uwanja wao wa udongo umekuwa jaruba la mpunga. Nusu fainali imesogezwa kesho. Kwa hiyo fainali ni Jumapili saa tatu. Ibada ya kipaimara saa tatu. Nimesoma ujumbe wa mwalimu wao wa tenisi mara nne, labda nimekosea. Sijakosea.
Nimempigia mchungaji. Asiyekuwepo anangoja darasa la mwakani. Kasema kwa upole, lakini kasema.
Baba Eli yuko Tunduma na lori. "Amua wewe, mama." Haya. Asante sana.

Jumamosi, 22 Novemba
Nimetenda dhambi. Nimekaa pale uwanjani nikaomba washindwe. Kila Eli akipiga, moyoni nasema, Bwana, ukwame wavuni, wavuni. Naye alicheza vizuri sijapata kuona. Wameshinda. Brayan akaja mbio, jasho tupu: "Shikamoo mama! Fainali, mama!" Nikaitikia marahaba. Aibu ilinijaa.
Baba yake akanisogelea. "Mama Eli, kanisa lipo kila Jumapili."
"Kipaimara hakipo kila Jumapili, Baba Brayan."
Halafu taratibu: "Asipokuja, wangu naye katolewa. Hawaruhusu kubadilisha mwenza."
Hilo sikulijua. Nilidhani watamweka mwingine tu.
Eli hajaniomba kitu. Bora angelia. Ingekuwa yeye peke yake ningesema kanisani, basi. Lakini yule ni mtoto wa watu. Nimeomba tena, nimefungua Biblia, nimefunga. Sijasikia jibu. Nimemwambia aende uwanjani. Mama kanitazama, kageukia ukutani. Hasemi nami.

Jumapili, 23 Novemba
Kanisani nilikwenda na mama. Watoto wamependeza. Majina yakasomwa. Lake halikuwa limeondolewa. "Elibariki." Mchungaji akarudia. Nikasimama mimi. Sijui kwa nini. Nikakaa.
Fainali, kina Eli wameshindwa. Pointi mbili tu, anasema Brayan. Wangeshinda ningesema Mungu ndivyo alivyotaka. Sasa niseme nini? Bado sijui kama nimefanya vyema au nimemkosesha mwanangu vyote viwili.
Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, wageni wameshaalikwa. Hatukumrudisha mtu. Brayan kaja na wazazi wake, wakabanana na majirani kwenye mkeka hapa kwetu Lemara. Pilau ikapakuliwa.
Mama akafungua kinywa, mara ya kwanza tangu jana. "Sasa huyu mbuzi tunamla kwa lipi?"
Eli akainuka, akachukua jagi na beseni, akaanza na bibi yake.
Mama akamtazama kidogo. Akakinga mikono.