Nduguyo na Mbuzi wa Jabal Akhdar

Qantab, Maskati
27 Februari 2024

Mpendwa wifi yangu Bi Jawaher,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na miguu yako je, imepoa? Huku sote wazima, alhamdulillahi, ila mimi roho ishanifika kooni kwa nduguyo Aflah. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu humu ndani nikishika simu tu, kila mtu anatega sikio. Barua atakuletea jirani yangu Ghadeer, anakuja Unguja kesho.

Tangu astaafu wizarani, mume wangu kaingiwa na jabali. Baridi ikianza kulegea tu, huyoo Jabal Akhdar, kuzurura kwenye msitu wa alaalan, ile miti mizee inayoota juu kabisa penye mawemawe. Njia ipo, imepakwa rangi jiwe kwa jiwe. Yeye haitaki! Njia, eti, ni ya watalii. Mtu mzima, na goti bovu!

Sasa sikia. Ijumaa iliyopita ilikuwa nikaha ya Shatha, binti yetu wa pekee. Alhamisi baba mtu kaaga, anakwenda kunyoosha miguu, Magharibi atakuwa nyumbani. Magharibi ikapita, Isha ikapita, simu haipatikani. Mdogo wake Msellem kapanda kumtafuta. Mimi dirishani nalia, nishajiona nimo edani.

Na unajua alikuwa wapi? Kapotea msituni, jua linakuchwa, kaona kundi la mbuzi. Kakumbuka kwenu Makunduchi, mbuzi jioni hurudi wenyewe kwa mwenyewe, akawafuata. Wifi, mbuzi wale hawana mwenyewe! Wamemtia pangoni, wakalala, naye kalala kati yao kwa ile baridi. Mpaka asubuhi waliposhuka kunywa maji, ndo akaiona barabara, mbali huko chini, na goti lile.

Huku Ijumaa baada ya Alasiri wageni washakaa, bwana harusi Wael jasho linamtoka. Msellem, aliyerudi mikono mitupu, akataka kuozesha yeye. Shatha kagoma katakata: haozwi na ami yake na hajui babake yu hai au kafa.

Ndo anaingia. Kanzu imechanika, miiba mpaka ndevuni, ananuka beberu mtupu! Hata kuoga hakuoga. Kakaa mbele ya Wael, kamshika mkono, kamwozesha mwanawe. Nikamshukuru Mungu, kisha nikatamani kumtwanga na mwiko.

Ungedhani kakoma. Thubutu! Ijumaa hii anapanda tena, kalipenda pango. Wifi, wewe ndiye uliyemlea, akikusikia wewe hunywea. Mpigie kabla ya Ijumaa. Nampenda mzee huyu, nnaogopa siku moja wataniletea kafunikwa shuka.

Nisalimie Shemeji Bakhit, na Khawla na wanawe. Mungu akuweke, akupe pumzi za kutugombeza sote.

Na akikushinda hata wewe, basi. Kukaa dirishani tena siwezi, nitakwenda naye. Viatu nishanunua.

Wifi yako akupendaye, aliyechoka,
Muhsina